Paka Kiasi

Mwanangu Shufaa,

Kiasi ni neno lenye maana tatu, na asiyezitenganisha anaweza kudhuru. Kwa maana ya kwanza ni kipimo chochote ambacho bado hakijatajwa, kiwe kikubwa au kidogo, nayo ndiyo maana tunayoitumia tunapouliza, "Kiasi gani?" Kwa maana ya pili ni kadiri inayofaa, isiyozidi wala kupungua, kama tunaposema kwamba chumvi imetiwa kwa kiasi. Kwa maana ya tatu ni uchache: mgonjwa amepata nafuu kiasi, yaani si sana. Kwa hiyo mtu akinitajia "kiasi" peke yake, bila neno jingine la kulishika mkono, sijui kama ananiuliza, ananiagiza au ananizuia.

Neno hilo nimelikuta alasiri hii ndani ya begi lako. Uliniomba niitengeneze zipu inayokwama, kisha ukatoka na mamako kwenda Kizingo kumuaga shangazi yako. Nilipoufungua mfuko wa pembeni nikaiona tyubu ya dawa yako ya ngozi, ndani ya boksi lake, na juu ya boksi kikaratasi kilichobandikwa: *Paka kiasi, mahali panapowasha, asubuhi na jioni.* Umekisoma kikaratasi hicho tangu ulipojua kusoma. Usilolijua ni kwamba aliyekiandika ni mimi.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za maji ya kuoga yasiyo moto sana, wala za kujipaka mafuta ya kulainisha mara tu ukishajifuta, ngozi ingali na unyevu. Hayo mamako ameyasema, daktari ameyasema, na wewe unayajua kuliko sisi sote kwa kuwa ngozi ni yako. Huko Eldoret unakokwenda kesho kuna baridi kavu, na ukurutu haupatani na hewa kavu. Hilo nalo unalijua. Nataka kukueleza jambo moja usilolijua, ambalo hata mimi silijui sawasawa.

Wiki iliyopita binamu yako Munira alikuja kukusaidia kupanga nguo. Nilikuwa ukumbini nikitafuta miwani, na mlango wa chumba chako haukuwa umefungwa vizuri. Nikamsikia akikuuliza, "Na hizi alama nyuma ya magoti, Shufaa, ni za nini?"

"Ah, hizi nilijifanyia mwenyewe. Nilikuwa nikijikuna kama mwendawazimu nilipokuwa mdogo."

"Kwani kwenu hakukuwa na wembe wa kukatia kucha?"

"Nilikatwa kucha, dada, mpaka zikabaki hadithi."

Mkacheka nyote wawili. Mimi nilisimama na miwani mkononi, nikiendelea kuitafuta.

Maneno hayo umeyasema mara nyingi, kwa watu mbalimbali, na mara nyingi nilikuwa karibu, na kila mara nilinyamaza. Kesho utayachukua pamoja na nguo zako, utawaambia watu wasiokujua, na huko hakutakuwa na mtu hata mmoja wa kunyamaza kwa niaba yangu. Huenda ni maneno ya kweli. Nina sababu za kudhani kwamba si ya kweli yote. Vyovyote iwavyo, sioni haki uyachukue hivyo yalivyo.

Kazi yangu unaijua. Nafasiri hati za watu, na kwa miaka mingi nimekuwa mkalimani mahakamani, nikisimama kati ya hakimu na mshtakiwa ili "nilimgusa" isije ikawa "nilimpiga." Kazi hiyo humpa mtu kiburi cha namna ya pekee. Hudhani kwamba maneno, yakipita mikononi mwake, hutoka yakiwa salama.

Ulikuwa bado hujaanza kuugua Bwana Firoz aliponiita dukani kwake, pale Tononoka, duka la dawa alilorithi kwa babake. Akanionyesha karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi.

"Bwana mkalimani, hizi wateja wangu hawazisomi. Kizungu kigumu, herufi kama mchanga. Niandikie maneno mafupi ya Kiswahili nibandike juu."

"Mafupi vipi?"

Akaniinulia kidole gumba. "Yaenee hapa."

Niliandika vikaratasi vya dawa nyingi, na kimoja tu ndicho nilichojivunia. Karatasi ya Kizungu ilitaka dawa hiyo ipakwe safu nyembamba. Neno "safu" nililiona ni la askari waliopangwa uwanjani. Neno "kidogo" nililiona lina ubahili ndani yake, kama kwamba mgonjwa anaambiwa asimalize. Nikaandika "kiasi." Nililiona ni neno lenye adabu, lisiloamrisha zaidi ya haja. Firoz alilisoma kwa sauti, akasema, "Zuri. Fupi." Nikarudi Kibokoni kwa miguu nikiwa nimefurahi, na furaha yenyewe naikumbuka mpaka leo, jambo linalonitatiza, maana mengine mengi ya siku zile nimeyasahau.

Ulipotimiza miaka mitano ukurutu ulikuanza kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Tuliandikiwa haidrokotizoni. Ni steroidi, jamii ya dawa zinazoikondesha ngozi zikizidishwa, lakini hii ni dhaifu kabisa miongoni mwa zile zinazopakwa, nayo ni dawa nzuri. Nasema nzuri baada ya kufikiri sana. Ilikusudiwa kupakwa mahali palipowaka tu, kwa siku chache, kisha ipumzishwe. Mamako alikuwa akifundisha, mimi nilikuwa mahakamani, na mchana kutwa ulikuwa na nyanya yako. Nikaipitia dawa kwa Firoz, nikamkabidhi mama yangu. Sikumwambia neno. Kikaratasi kilikuwa kimekwisha kusema.

Lazima nikueleze kupaka kulikuwa nini kwa nyanya yako. Kila mtoto wa nyumba hii, na mimi nikiwemo, alilazwa mkekani baada ya adhuhuri akapakwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, kutoka shingoni hadi nyayoni, kiungo kwa kiungo, huku akiulizwa habari za siku yake. Kwake yale yalikuwa malezi. Habari ya tiba haikuwamo. Ile tyubu haikumpendeza.

"Kitu gani hiki chatoka kwa kubanwa, kama dawa ya meno? Nampakaje mtu kwa hiki?"

Akatafuta njia yake. Aliibana yote ndani ya chupa ya mafuta ya nazi, akakoroga kwa mpini wa kijiko, akakupaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kama kikaratasi kilivyosema. Chupa ilipokaribia kwisha alinituma tyubu nyingine, nami nikaleta. Sikuuliza inakwenda wapi. Iliendelea hivyo karibu mwaka.

Mwasho ulikwisha wiki ile ile ya kwanza. Kisha wewe ukang'aa. Nilipopita barazani nikiwa nimekushika mkono, watu waliacha mazungumzo yao.

"Mashaallah, Bwana mkalimani! Huyu binti yako yuwang'aa. Mwampaka nini?"

"Mafuta ya nyanyake."

"Yuwazidi kuwa mweupe kila siku. Hebu mwambie Bi mkubwa atugawie!"

Nilifurahi. Sentensi hiyo fupi imenichukua muda kuiandika. Mimi niliyekuwa nikiwasema wanawake wanaojichubua, nikiwatolea hoja, nilimsikia binti yangu akisifiwa weupe nikatembea wima zaidi. Na hapa utata unaanza, kwa kuwa sijui kama kweli ulikuwa umebadilika rangi. Ngozi iliyokunwa huwa nyeusi; ikipoa, hurudia ilivyokuwa. Huenda walichokiona wale wazee ni afya tu, wakaiita weupe kwa kukosa jina jingine. Lakini furaha yangu haikungoja kujua ni kipi.

Aliyeniamsha ni Firoz. Siku hiyo aliishika tyubu asinipe.

"Bwana mkalimani, hii mwaitia kwenye chai?"

"Kwa nini?"

"Mtoto ni mmoja, au mwapaka Kibokoni nzima?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini mkono wake haukulegea. Nikarudi nyumbani mapema, na kwa mara ya kwanza nikakaa kitako nikatazama ukipakwa. Nyuma ya magoti, pale mafuta yalipokuwa yakituama pamoja na jasho, ngozi ilikuwa nyembamba, inameta kama ganda la ndani la kitunguu, na mishipa midogo ilionekana chini yake.

Ndipo tulipoanza kwenda kwa Daktari Kadzo. Alikuwa kijana wakati ule, mzaliwa wa Kaloleni, mwenye maneno machache na macho yasiyoharakishwa. Alikutazama magoti, akainusa chupa niliyomletea, akasema, "Dawa haina kosa, Baba Shufaa. Ni nani aliyesema apakwe mwili mzima?"

Nikajibu, "Nyanyake."

Jibu lilikuwa la kweli. Mahakamani nimeona mara nyingi jinsi jibu la kweli linavyoweza kuwa mahali pa kujifichia.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mama yangu, nikiwa bado na viatu miguuni, "Mama, umemharibu mtoto."

Alifuta mikono kwa leso, akaliendea lile boksi kabatini, akalishika mbali na uso kwa sababu ya macho yake. "Paka kiasi," akasoma. "Haya si maneno yako? Firoz mwenyewe alinambia: mwanao ndiye aandikaye. Nikafurahi. Umesema kiasi. Mjukuu wangu mimi nimpake kiasi gani, kama si cha kumtosha?"

Nikamwambia kwamba kiasi, hapo, maana yake ni kidogo.

"Ungeandika kidogo," akasema, akarudisha boksi kabatini.

Hakukupaka tena. Wala hakukufukuza, ila ulipomletea mkeka alikwambia, "Nenda kwa babako, yeye ndiye ajuaye." Jioni moja ulinijia ukaniuliza, "Baba, nyanya nimemfanya nini?" Nikakwambia hukumfanya kitu, amechoka. Hilo halikuwa kweli hata kwa namna ya kujifichia.

Hadi hapo, mwanangu, mtu angeweza kusema kosa ni la wingi, na dawa ya kosa la wingi ni kupunguza. Ndivyo nilivyosema mimi. Nilisoma kila karatasi niliyoweza kuipata. Nikajifunza kwamba steroidi ni jamii kubwa yenye wenye nguvu na wanyonge, nikayachukua madhara ya wale wenye nguvu nikamtwika mnyonge wetu. Daktari Kadzo alikuwa ameniambia sentensi moja yenye vipande viwili: tuipumzishe dawa wiki kadhaa hadi ngozi irudi, halafu mwasho ukiamka tuitumie, safu nyembamba, hapo hapo tu, kwa siku chache. Nilikipeleka nyumbani kipande cha kwanza. Cha pili sikukifasiri. Ningemfanyia hivyo mshtakiwa, ningefukuzwa kazi.

Tyubu niliitia kwenye saraka ya meza yangu, pamoja na mihuri, nikafunga kwa ufunguo.

Mwasho uliamka, kama ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata unaukumbuka kwa namna yako, nami sitaki kukupokonya kumbukumbu zako kwa kuzieleza upya. Unakumbuka soksi tulizokuvika mikononi. Unakumbuka madrasa ulivyoikosa kwa kuwa kukaa mkekani kulikuumiza. Sijui kama unakumbuka alasiri moja ulipokuja kwenye meza yangu, ukiwa na miaka saba, ukaweka mguu juu ya kiti, ukaikunja suruali yako, ukasema, "Baba, nipake kiasi."

Nikakwambia dawa ile ina hatari.

"Kiasi tu, Baba. Hapa tu."

Nikaiweka kalamu chini, nikakueleza. Nilikueleza ngozi ina tabaka ngapi, na kusinyaa maana yake nini, na kwa nini jambo linaloleta nafuu leo laweza kuleta hasara kesho. Niliteua maneno mepesi. Nadhani yalikuwa maelezo mazuri. Uliyasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mguu ukiwa bado juu ya kiti. Kisha ukauliza, "Sasa nijikune kiasi?"

Ulingoja kidogo, ukashusha mguu wa suruali, ukaenda zako. Saraka ilikuwa karibu na goti langu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Basi ukiwaambia watu kwamba ulijikuna, sema pia ulijikunia wapi: upande wa pili wa meza yenye dawa.

Aliyekatiza hali ile ni mamako. Alikuja akasimama pale pale uliposimama wewe. "Waogopa alama," akaniambia, "na mtoto yuwavuja damu. Nipe ufunguo." Nikampa. Tukaenda kwa Daktari Kadzo sote watatu, na yeye hakunilaumu, jambo lililonisumbua zaidi.

"Nyoosha kidole, Baba Shufaa. Hicho cha shahada."

Nikanyoosha. Akaibana tyubu juu yake, mstari mmoja, kutoka ncha hadi mkunjo wa kwanza. "Pingili hii moja yatosha eneo la viganja viwili, pamoja na vidole vyake. Ukiogopa ukapaka robo yake, mwasho hautatulia, na utajikuta unaipaka mwezi mzima. Ukipaka inavyostahili, siku chache zatosha, kisha waacha. Hapo katikati ni mafuta ya kulainisha, na hayo paka usiogope."

"Kwa kidole changu, au cha mtoto?"

"Kidole cha mtu mzima, hata mgonjwa akiwa mtoto. Na viganja vya mtu mzima."

Ilimchukua muda mfupi kuliko ule nilioutumia kuliteua neno "kiasi." Nilikitazama kidole changu chenye mstari mweupe, nikaona kwamba kipimo nilichokuwa nikikitafuta katika kamusi nilikuwa nikikibeba mkononi tangu awali. Wiki ile ukalala. Mamako alilala. Mimi sikuweza, kwa sababu nyingine.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza daktari, nanyi mkiwa mmetangulia nje, kuhusu ile michirizi nyuma ya magoti, ambayo wakati ule ilikuwa imeanza kujionyesha. Ni ile chupa, au ni kujikuna?

"Sijui," akasema. "Dawa hii ni dhaifu, si kawaida yake. Lakini kwenye mkunjo, na jasho, mwaka mzima, kwa ngozi ya mtoto, yawezekana. Kujikuna hadi damu nako huacha alama. Na wako watoto wapatao michirizi kwa kurefuka tu, bila dawa wala ugonjwa." Akanitazama. "Wataka nikuandikie ipi?"

Ningetaka aniandikie yoyote.

Tangu siku ile nimelirudia jambo hili kwa namna ninavyoyarudia maneno ya shahidi, na kila mara nafika mahali pengine. Ikiwa ni chupa, basi ni mkono wa nyanya yako. Lakini mkono wake ulitii kikaratasi, na kikaratasi ni changu. Ikiwa ni kucha zako, basi ni wewe. Lakini ulijikuna kwa kunyimwa, na aliyekunyima ni mimi. Ikiwa ni kurefuka tu, basi si mtu yeyote, na miaka yote hii nimekuwa nikijitesa kwa ajili ya urefu wako. Njia mbili kati ya tatu zinapita mezani kwangu. Hata hivyo sijiamini hapa. Mtu anayelidai kosa lote huenda anajipa ukubwa mwingine, kama yule aliyetembea wima barazani. Kisha narudi nyuma: huenda wazo hilo nalo ni mlango wa kutokea. Sipati mwisho.

Kuhusu nyanya yako sina shaka, na hapo ndipo panaponiuma kuliko pengine. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho miguu yake ilikauka, na wewe, ukiwa na miaka kumi na miwili, ndiye uliyekuwa ukimpaka mafuta ya nazi baada ya adhuhuri, kiungo kwa kiungo, ukimuuliza habari za siku yake. Hakuna aliyekufundisha, ulikuwa umefundishwa mkekani. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha siku alipokwambia, "Kiasi, mjukuu wangu, kiasi." Wewe ukasita. Sikuweza kujua kama alikuomba uzidishe au upunguze. Alikuwa akinitazama mimi. Nilikuwa na sentensi ya kumwambia, tayari imepangwa, na sikuisema siku ile wala iliyofuata, na baada ya siku chache hapakuwa na wa kuambiwa.

Baada ya msiba nilikwenda kwa Firoz kumtaka abadilishe kikaratasi. Sikumwambia sababu. Nilimpelekea "kidogo", nikaliondoa mwenyewe, kwa kuwa nilijua hicho kidogo kilitufanyia nini. Nikampelekea "safu nyembamba." Akaniuliza, "Nyembamba kama nini?" Mwisho nikampelekea maneno ya pingili na viganja.

"Kidole cha nani?" akauliza Firoz.

"Cha mtu mzima."

"Basi andika."

"Na pia iandikwe kwamba ni kwa siku chache, na mahali palipowaka tu, na isichanganywe na mafuta mengine."

Akaninyanyulia kidole gumba kama alivyofanya mara ya kwanza. "Bwana mkalimani, nafasi ni hii. Wewe waniletea kitabu. Acha kiasi, watu wamekizoea."

Nikaacha. Ndiyo maana kikaratasi hicho kimo begini mwako, na ndiyo maana wanacho watu nisiowajua, majumbani mwao, kila mmoja akikisoma kwa mkono wake. Firoz angesikiliza kama ningemweleza kilichotokea nyumbani kwangu. Nilichagua neno libaki baya kuliko kusema kwa nini ni baya.

Ungetarajia sasa nikwambie nilichojifunza. Ninacho kidogo na hakijakauka. Nimeidhulumu ngozi yako kwa neno moja mara mbili, mara ya kwanza kwa kuliachia na mara ya pili kwa kulibana, na mara zote mbili nilikuwa nikikupenda, na kwa ndani mapenzi hayo hayakuwa na tofauti yoyote ambayo ningeweza kuitambua. Hilo ndilo linalonichanganya. Nilidhani hofu huja na alama yake, mtu akaijua. Haikuja na kitu. Ukijikuta huko Eldoret umeishika tyubu usijue kama unaizidisha au unaiogopa, usiniulize mimi. Mtafute mtu atakayekwambia unyooshe kidole. Na akikwambia "kiasi" tu, mngoje amalize.

Kabla ya kuirudisha dawa yako begini nilijaribu kukibandua kikaratasi. Kilichanika. "Paka" limebaki juu ya boksi, na sehemu iliyobaki imenata kwenye ukucha wangu. Nimekaa na kalamu nikitafuta cha kujaza pale palipo wazi, na nimeshindwa, kwa hiyo utalikuta hivyo, na sasa unajua ni kwa nini. Nimekipima pia kidole changu: viungo vimevimba, mkunjo wa kwanza hauonekani vizuri. Hakifai tena kuwa kipimo. Kuanzia kesho kidole cha mtu mzima ni chako.

Nasikia mlango wa chini. Mmerudi, na mamako anacheka kwa jambo mlilolisikia Kizingo. Barua hii nitaiweka chini ya boksi. Ukiisoma, sikuombi unisamehe, kwa sababu sijui uanzie wapi. Naomba tu usiseme tena kwamba ulijifanyia mwenyewe, mpaka utakapokaa peke yako ukazitazama alama zile nyuma ya magoti, ukiwa umeyajua yote ninayoyajua mimi babako, ukanijibu swali ambalo daktari hakulijibu, na ambalo bado sijui kama naliuliza kama mtu anayetaka kujua, au anayetaka haki, au anayeomba jibu liwe dogo: katika hizo, mwanangu, sehemu yangu ni kiasi gani?